Safari ya Wawili, Kitabu cha Mmoja

Makala zenyewe mnazijua. Wapenzi wawili wamekodi gari dogo jeupe kisiwani, mara nyingi Unguja, kwa siku tano au saba. Siku ya kwanza wanapotea Darajani. Siku ya pili wanafika Paje, maji yamekupwa, wanatembea juu ya mchanga mpaka miguu inachoka. Kuna pweza, kuna machweo, kuna mzee kijijini aliyewaelekeza njia na kutabasamu. Kuna ugomvi mdogo kuhusu ramani ya simu, unaokwisha kabla ya aya kwisha. Siku ya mwisho wanarudisha gari, wanapanda boti ya Dar, na mwandishi anatuambia kwamba wamefahamiana upya. Nimesoma nyingi za namna hii miaka ya karibuni, za Kiswahili na za Kiingereza, na baadhi zimeandikwa vizuri kweli. Karibu zote zinaniacha na swali lile lile: yule mwenzake alisafiri safari gani?

Kwa Kiswahili swali hili lina mahali pake hasa, nalo ni kile kiambishi kidogo *tu-*. Tuliamka. Tukanywa chai. Tukaendesha mpaka Kizimkazi. Tukaogopa. Nani aliendesha? Nani aliogopa? Huwezi kuendesha gari watu wawili, usukani ni mmoja. Lakini *tu-* inawaweka wote wawili kwenye kiti cha dereva, halafu *-ka-* inakuja kuwavuta mbele, tukafika, tukala, tukalala, na msomaji anateleza nao mpaka mwisho bila kuuliza. Ni sarufi ya mapenzi, nakubali. Ni sarufi pia ya mtu mmoja mwenye kalamu anayemsemea mwingine asiye nayo.

Sisemi makala hizi hazina thamani. Kwa muda mrefu kisiwa cha likizo kimeandikwa na watu waliokuja kwa ndege kutoka mbali, na Mtanzania ndani ya maandishi hayo alikuwa dereva, mhudumu, au yule mzee wa kutabasamu. Kijana wa Dodoma au wa Moshi anapolipa amana ya gari kwa pesa yake, akamkalisha mpenzi wake mbele, akashika barabara ya Bububu kwenda kaskazini bila kiongozi wa watalii, kuna jambo limebadilika. Anayetazama sasa ni mwingine. Ndiyo maana inaniuma ninapoona mtazamaji huyu mpya amerithi macho ya yule wa zamani, mpaka namna ya kuelezea machweo.

Huenda naliona hilo haraka kwa sababu ya mahali ninaposomea. Karagwe ni nchi kavu, vilima na migomba na kahawa. Bahari iko mbali nasi kuliko Kigali na Kampala. Visiwa vyetu vya karibu, Musira mbele ya Bukoba, Bumbire na Goziba, si vya mtu kukodi gari. Lakini sisi wa Karagwe na wenzetu wa Kyerwa, ambao walikuwa wilaya moja na sisi mpaka 2012, tuna uzoefu ambao Unguja nao wanao: tumeandikwa na wapita njia. Na wapita njia wetu wa kwanza kutuandika kwa Kiingereza walikuwa wawili.

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, kwenye makao ya Mukama Rumanyika. Walipokewa vizuri. Walipewa chakula, mazungumzo, na kilima cha kuangalia ziwa, na ziwa hilo wakalibatiza Windermere Mdogo kwa sababu liliwakumbusha ziwa la kwao. (Fikiria mtu wa Nyakahanga amefika Uingereza, ameliona ziwa lenyewe la Windermere, na ameandika kwamba Waingereza wana Burigi yao ndogo.) Januari 1862 wakaachana. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, hawezi kutembea. Speke akaenda Buganda, kwenye umaarufu. Grant akabaki Karagwe mpaka Aprili, ndani ya kibanda, akiuguza mguu.

Vikatoka vitabu viwili. Cha Speke, 1863, kinajulikana duniani: kinatafuta chanzo cha Mto Nile na kila ukurasa unakwenda mbele. Cha Grant, 1864, hakina haraka hiyo. Mtu aliyelala miezi mitatu mahali pamoja anaona mambo mengine: mimea, watu wanaopita kumtazama, maumivu yake mwenyewe, mfalme anayetuma kumjulia hali. Simfanyi Grant kuwa mtakatifu. Naye alikuwa ofisa wa jeshi la Kiingereza nchini India, na macho yake yalikuwa ya wakati wake. Ninachosema ni cha mhakiki tu: safari ilikuwa moja, barabara moja, mwenyeji mmoja, na bado hatuna kitabu kimoja. Tungekuwa na cha Speke peke yake, *tu-* yake ingemmeza Grant pamoja na kidonda chake, na Karagwe ingekuwa kituo cha kupumzikia.

Nina jambo moja la kuongeza kwa wapenda kejeli. Kitabu cha Grant kinaitwa *A Walk Across Africa*, yaani matembezi ya kuvuka Afrika, jina lililotokana na neno la waziri mkuu Palmerston, aliyemwambia kwamba ametembea mwendo mrefu. Mwandishi wa matembezi hayo alitoka Karagwe akiwa amebebwa kwenye machela.

Turudi kwenye gari la kukodi, kwa sababu makala za wawili kisiwani si makala za mapenzi tu, ni makala za gari, na gari lina athari kwenye sentensi.

Gari linakufikisha mahali wakati wowote. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo inayoharibu maandishi. Nenda Jambiani au Paje. Wanawake wa huko wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiufunga kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti mchangani. Kazi yao haifuati saa, inafuata bamvua, maji yanapokupwa sana na shamba kuonekana. Kwa miaka mingi maji yamekuwa yakipata joto, na ule mwani mnene wenye bei nzuri unaugua na kufa, hivyo wengi wamebaki na mwembamba wa bei ya chini. Haya yote yako mita chache kutoka mahali pa kuegesha. Lakini mtu aliyefika saa nane mchana, wakati maji yamejaa, ameona bahari ya buluu tu. Aliyefika saa tatu asubuhi ameona wanawake wamejiinamia na ameandika kwamba wanapendeza. Wote wawili wamesema kweli. Hakuna aliyekaa mpaka maji yabadilike, kwa sababu gari linalipiwa kwa siku na Nungwi inawasubiri, upande wa pili kabisa wa kisiwa.

Katika makala hizi kuna ukurasa mmoja unaokosekana karibu kila mara, na mimi ndio ningetamani kuusoma kwanza: mkataba wa gari. Kabla ya kuondoka mwenye gari anakuzungusha, mnatazama kila mkwaruzo, unapiga picha bampa, saitimira, kioo cha nyuma, unainama kuona kama tairi la akiba lipo. Unaweka saini kwamba gari lilikuwa na makovu haya na haya kabla yako. Lingekuwa andiko la ajabu kama wapenzi wangefanya vivyo hivyo kwa kila mmoja kabla ya kuwasha injini: kovu hili lilikuwapo, hili pia, hili silijui. Badala yake tunaruka mpaka kwenye kaseti za taarabu na upepo dirishani. Na pesa! Amana ilikuwa ya nani? Nani alihesabu mafuta? Fungate ya zamani ya pwani, zile siku saba za bwana na bibi harusi kukaa ndani, ilikuwa na watu wanaojulikana wa kuwalisha na kuwahudumia. Fungate ya gari la kukodi nayo ina gharama na wahudumu wake, ila wameondolewa kwenye picha.

Mimi na mume wangu, mtu wa Nkwenda, tuliwahi kufanya safari hiyo hiyo, siku nne. Sitaisimulia yote. Nitataja jaribio moja tu, kwa kuwa linahusu uhakiki. Tulikubaliana kwamba kila mmoja ataandika kurasa mbili za siku moja, ile ya kutoka mjini kwenda Makunduchi kupitia Jozani, na hakuna kusomeana mpaka tumerudi Kayanga. Kurasa zangu zina kima punju wa Jozani, zina watoto wa chuoni wakivuka barabara na juzuu zao, na zina ukimya wa mume wangu kuanzia msituni mpaka baharini, umetajwa mara mbili bila sababu yoyote. Kurasa zake zina sababu: mlio kwenye gurudumu la mbele kushoto. Ameusikia tangu Jozani. Amehesabu moyoni amana itakatwa kiasi gani. Amejiuliza aniambie au aniache nifurahie. Kima hawamo kabisa. Kwake hakuna msitu, kuna mlio.

Kurasa zangu tena zina kitu ambacho zake hazina. Nilikuwa mimi kwenye usukani tuliporudi mjini jioni, na kijana wa kuegesha magari karibu na Forodhani aliinama dirishani upande wa abiria na kusema, "Kaka, mwambie shemeji akate kulia." Mume wangu akaniambia nikate kulia. Nikakata kulia. Katika maelezo yake siku hiyo inaishia kwa maneno "tukaegesha."

Hizo kurasa nne hazijachapishwa popote wala si fasihi. Lakini zikiwekwa pamoja zinasema zaidi kuhusu ndoa na kuhusu kisiwa kuliko makala nyingi laini nilizosoma, kwa sababu zinapingana. Msomaji anaweza kuingia katikati.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kagera halipiti haraka: maji. Kwenye makala hizi boti ni mahali pa kupigia picha, nywele zinapepea, upendo unaanza. Kwetu kuvuka maji kuna kumbukumbu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu waliokufa wengi wao walikuwa wametoka mkoa huu. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Simtaki mwandishi wa likizo aandike tanzia. Namtaka ajue kwamba mwenzake aliyenyamaza kwenye boti huenda hakunyamaza kwa uzuri wa bahari.

Nimeitaja Ukara kwa makusudi, maana iko Ukerewe, na kitabu bora cha watu wawili na kisiwa katika Kiswahili kinatoka Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, akakosa mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatolewa na Tanzania Publishing House 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hakuna gari humo, wala likizo. Kuna mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere anafunga safari ya miguu kwenda ukweni kumwomba mkewe.

Vijana wengi hukiacha kitabu hiki mapema kwa sababu kinakwenda polepole. Mtu akifika mahali, Kitereza hamruhusu kuingia mpaka asalimiwe, na salamu zote zinaandikwa, na kiti anacholetewa, na chakula, na nani amekaa wapi. Mhariri wa leo angefuta nusu. Lakini tazama kinachotokea ukivumilia. Hakuna mwenyeji aliyegeuka kuwa mzee wa kutabasamu. Kila anayeonyesha njia ana jina la ukoo, ana haja yake, na ana haki ya kumuuliza msafiri anakwenda wapi na kwa nini. Ukweni Myombekere harudishiwi mke kwa machozi, anatozwa pombe ya ndizi, na kuipika kunahitaji migomba, majirani, vyungu na siku. Sisi wa huku tunaijua hesabu hiyo, rubisi haipikwi na mtu mmoja. Mapenzi ya wawili yanageuka kuwa kazi ya kijiji kizima, na kwa hiyo kijiji kizima kinaingia kwenye kitabu.

Makala za gari la kukodi zinafanya kinyume. Wawili wanakwenda kisiwani ili wawe peke yao, na gari ndilo chumba chao chenye magurudumu. Watu milioni moja na zaidi wanaishi Unguja, lakini ukizisoma utadhani kisiwa kina watu wawili na mzee mmoja. Simlaumu mtu kwa kutaka kuwa peke yake na mpenzi wake. Mwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja anajua thamani ya faragha. Ninachokataa ni faragha hiyo kuchukuliwa kuwa ndio kisiwa chenyewe.

Na sasa zamu yetu inakuja tena. Mwaka 2019 yalipandishwa hadhi mapori yetu, tukapata Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na ya Ibanda-Kyerwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mtu anayetoka Mwanza kuja huku hasubiri tena kivuko pale. Wapenzi wa gari watakuja. Watapanda vilima, watapiga picha Mto Kagera ukijikunja na Rwanda ng'ambo, watafika Mtagata, Kyerwa, kwenye chemchemi za maji moto.

Mtagata nayo imeshaandikwa. Henry Morton Stanley alifika hapo 1876 akiwa mgeni wa Rumanyika yule yule. Akakuta watu waliotoka sehemu mbalimbali wakioga kutafuta nafuu ya magonjwa yao, yaani wasafiri waliomtangulia, wenye sababu zao za kuja. Stanley akatoa kipimajoto akapima maji. Ni taarifa sahihi, sina ugomvi nayo. Ila ningependa kujua yule mgonjwa aliyekaa majini karibu naye alitoka wapi, alitembea siku ngapi, na nani alimsindikiza. Pengine alikuja na mkewe. Ukija Mtagata na mpenzi wako na gari lako, utawakuta bado wako pale, watu waliokuja kuoga wapone. Tafadhali usiwaite mandhari.

Nikiambiwa nichague ukurasa mmoja wa kuwasomea wanaotaka kuandika aina hii, nitachagua ule wa Speke Bweranyange unaowachukiza wengi, na unanichukiza mimi pia. Kwenye makao ya Rumanyika wanawake wa nyumba ya mfalme walinyweshwa maziwa mpaka wanenepe sana, ndiyo ilikuwa heshima yao. Speke alikwenda kwa shemeji mmoja wa mfalme akiwa na utepe, akataka kumpima. Akampima. Mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7, akapima na kimo kwa shida kwa kuwa mama yule hakuweza kusimama vizuri. Namba hizo zimechapishwa tangu 1863 na bado zinanukuliwa. Jina lake halimo.

Lakini ukurasa huo huo una jambo ambalo wanaonukuu hulisahau. Ili akubali kupimwa, Speke alimwahidi kwamba naye atamfunulia mikono na miguu yake aione. Mama akakubali. Kwa hiyo walitazamana. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na watazamaji wawili, na mmoja wao, baada ya mgeni kuondoka, bila shaka aliwasimulia wenzake jinsi miguu ya Mzungu ilivyo: rangi, malaika, kuumwa na mbu, wembamba. Alikuwa na muda wa kutosha na hakuwa na safari ya kwenda popote. Vipimo vya Speke havikuandikwa.